Kilango cha Paka Kinapogoma: Dalili, Chanzo na Dawa Yake

Kilango cha paka ni kifaa chepesi. Kina fremu mbili zinazobanana kutoka pande mbili za mlango, kifuniko cha plastiki kinachobembea katikati, sumaku ndogo ya kukirudisha mahali pake, na kufuli. Kikigoma, lawama humwangukia paka au muuza duka, wakati chanzo kwa kawaida kiko mlangoni: tundu lilikatwa likapinda, unene haukupimwa, au mbao iliachwa wazi pale msumeno ulipopita. Kwa hiyo anza kuukagua mlango. Kununua kilango kingine liwe jambo la mwisho kabisa.

Maelekezo ya ndani ya boksi mara nyingi huandikwa kwa kufikiria milango ya Ulaya. Huku kwetu tuna milango ya mninga na mvule, milango ya flashi, milango ya bati la chuma, alumini yenye kioo, na karibu kila nyumba ya mjini ina grili mbele ya mlango. Kila mmoja una ugonjwa wake.

Tambua mlango kabla ya kutafuta dalili

Gonga sehemu ya chini ya mlango kwa kifundo cha kidole, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Sauti nzito isiyobadilika ni mbao nzima. Sauti nzito pembeni na ya uwazi katikati ni mlango wa flashi: plaiwudi mbili nyembamba zimegandishwa juu ya fremu ya mbao, na ndani kuna vijiti vichache au karatasi ngumu iliyopangwa kama sega la nyuki. Mlango wa paneli huonekana kwa macho, lakini pima unene sehemu mbili. Miimo yake (mbao nene zinazoizunguka paneli) huwa na milimita 40 hadi 45, na paneli inaweza kuwa nusu ya hapo au pungufu.

Kuna milango ambayo haikatwi, na kwa hiyo hakuna dawa ya kuitafuta. Kioo kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu (mara nyingi kina chapa ndogo kwenye kona) hakitobolewi. Ukikigusa kwa biti ya drili hupasuka chote kuwa punje. Kinachowezekana ni kuagiza kioo kipya kilichotobolewa kabla ya kufanywa kigumu. Mlango wa fleti unaofungukia kwenye korido ya jengo, ule wa kuzuia moto, ukiutoboa haukingi moto tena, na aliye hatarini si wewe peke yako. Na milango ya kuchongwa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au ya Lamu mjini iachwe ilivyo. Miji hiyo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na mlango wa kale ukishatobolewa haurudi. Tumia mlango wa jikoni au wa uani. Kama umepanga, idhini ya mwenye nyumba itangulie, tena kwa maandishi.

Fremu ya nje na ya ndani hazikutani

Dalili ni hii: upande wa ndani kilango kinaingia vizuri, lakini upande wa nje kinagonga mbao, au skrubu zinaingia kwa mshazari na moja haiipati nafasi yake. Tundu halikunyooka. Msumeno wa jigso umeshikwa upande wa juu tu, ncha yake ya chini iko huru, na ndani ya mbao nene ncha hiyo hukimbia. Kwenye mlango wa milimita 45, mstari wa nyuma unaweza kuhama milimita kadhaa bila wewe kuona chochote ukiwa mbele.

Mvule ni mkorofi zaidi. Ndani yake mara nyingine huwa na mabonge ya chokaa magumu kama jiwe, yasiyoonekana kwa nje. Wembe ukikutana nalo huwa butu hapo hapo, kisha hupinda. Ukisikia mlio umebadilika, au kasi imekufa ghafla, usisukume. Badilisha wembe. Na vaa barakoa, kwa sababu vumbi la mvule huwasha pua na kifua, na la mninga linaweza kuleta pumu kwa baadhi ya watu.

Kama tundu limeshapinda, usipanue upande mmoja kwa kubahatisha. Chora mstatili sahihi upande wa pili ukitumia matundu ya kona kama alama, kisha sugua kwa tupa ya mbao hadi pande zote mbili zifike kwenye mstari. Fremu nyingi hufunika takriban sentimita moja kuzunguka tundu, kwa hiyo kosa la milimita 3 au 4 halitaonekana. Likizidi hapo, kata kipande cha plaiwudi cha milimita 9 kilicho kipana kuliko fremu, kitoboe kwa kipimo halisi, kigandishe na kukifunga kwa skrubu juu ya mlango, na kilango kikae juu yake. Ukikipaka rangi ya mlango huonekana kama kiliwekwa kwa makusudi.

Ambaye bado hajakata aende hivi:

1. Bandika kiolezo (karatasi ya kipimo iliyo kwenye boksi) upande wa ndani, ukikiweka sawa kwa pima maji. Usifuate ukingo wa chini wa mlango, maana milango mingi imechongwa chini kufuata sakafu.
2. Bandika tepu ya karatasi juu ya mistari yote, pande zote mbili, ili ngozi ya mbao isichanike.
3. Toboa kona nne kwa biti ya milimita 10 au 12, ndani ya mstari. Ncha ikianza kutokeza nyuma, simama, zunguka upande wa pili umalizie kutoka huko.
4. Unganisha matundu hayo kwa rula upande wa nje. Sasa una mstatili uleule kwenye nyuso mbili.
5. Kata milimita 2 ndani ya mstari kwa wembe wa meno makubwa wenye urefu usiopungua milimita 100, ukiwa umezima mtikiso wa mbele na nyuma wa jigso. Uache msumeno ukate mbao wenyewe. Mkono wako unauongoza tu.
6. Malizia kwa tupa, kisha msasa namba 80 na 120.

Kubwa kuliko yote ni kuushusha mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya vibao viwili. Fundi anayekata mlango ukiwa umesimama huwa amechoka mkono kabla ya upande wa tatu, na ndipo msumeno unapokimbia.

Skrubu zimekazwa lakini kilango kinacheza

Skrubu ni ndefu mno: imefika mwisho wa uzi wake au imegonga ncha ya tundu lake kabla fremu hazijabana. Ikatwe. Pitisha nati kwanza juu ya skrubu, kata kwa msumeno wa chuma, kisha zungusha nati uitoe. Itausafisha uzi ulioumizwa na msumeno. Kama hakuna nati inayoingia, lainisha ncha kwa tupa ndogo. Skrubu iingie ndani ya uzi wa upande wa pili angalau milimita 6 hadi 8. Ikishika pungufu ya hapo, plastiki itang'oka siku paka mzito atakapopita mbio.

Usikaze kwa drili. Plastiki hupasuka kwenye tundu la skrubu, na ufa wa namna hiyo haugandishwi ukashika. Tumia bisibisi ya mkono, kaza kwa mshazari, kona hadi kona ya mkabala, kidogo kidogo.

Mlango wa flashi umebonyea kuzunguka fremu

Hapa fundi alikata, akaweka kilango, akakaza. Plaiwudi mbili hazina kitu kati yake, kwa hiyo kila mzunguko wa bisibisi ulizivuta zikakutana. Baadaye maji ya mvua hupita kwenye uwazi huo na mlango unavimba kutoka ndani.

Fungua kilango. Toa karatasi au vijiti vilivyo ndani kuzunguka tundu lote, kina cha sentimita 4, kwa patasi ndefu au bisibisi bapa. Pima nafasi iliyo kati ya plaiwudi. Mara nyingi ni milimita 28 hadi 35. Randa vipande vinne vya mbao kavu kwa unene huo kamili, viingie kwa kusukumwa na kidole gumba bila nyundo. Kipande kikiwa kinene kupita kiasi kitaipasua plaiwudi, na kikiwa chembamba kitaacha kasoro ileile. Pakaa gundi ya mbao, viingize juu, chini, kushoto na kulia hadi visawazike na ukingo wa tundu, bana kwa kamba au klampu usiku kucha. Asubuhi mlango huo, mahali hapo, utakuwa mbao nzima, na skrubu zitakuwa na kitu cha kubana.

Kasoro hiyohiyo iko kwenye mlango wa chuma uliotengenezwa kwa bati mbili juu ya fremu ya bomba. Dawa nayo ni ileile, ila vipande vya mbao vipakwe rangi pande zote kabla ya kuingia, na ukingo wa bati uliokatwa kwa grenda upigwe tupa, kisha prima nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Pwani, bati lililokatwa likalala wazi siku chache tu huanza kutu.

Fremu haikai bapa kwenye mlango wa paneli

Paneli nyingi zina mwinuko katikati na mteremko pembeni. Fremu ya kilango ikikalia mteremko, kona moja huning'inia. Ukilazimisha kwa kukaza, fremu inapinda, na kifuniko kinaanza kunasa. Tengeneza kitako cha mbao kinachofuata mteremko huo, au tumia plaiwudi ya milimita 9 juu ya paneli nzima. Usikimbilie kukata kwenye mwimo wa chini kwa sababu ni bapa: ndani yake kuna ulimi unaoufunga mlango pamoja. Mwimo huo ukikatwa katikati, mlango hulegea, na baada ya muda utaona unaburuza sakafuni upande wa kitasa.

Kifuniko kinanasa au hakirudi katikati

Pitisha kadi nyembamba kuzunguka kifuniko kikiwa kimetulia. Nafasi iwe sawa kushoto na kulia, milimita 2 au 3. Kama upande mmoja kadi inapita na wa pili inakwama, legeza skrubu zote nne nusu mzunguko kisha jaribu kifuniko. Kikibembea vizuri, fremu ilikuwa imekazwa kwa nguvu isiyolingana. Kaza upya kwa mshazari. Kisipobembea, weka pima maji juu ya fremu. Kilango kilichoinama huvutwa na uzito wake upande mmoja, na hakuna kukaza kutakakokirekebisha.

Kasoro inayokuja na masika na kuondoka na kiangazi ni mbao inayovimba. Kati ya Machi na Mei, ukingo wa tundu uliokatwa bila kupakwa chochote hunywa unyevu na kuibana fremu. Mninga hauchezi sana na hali ya hewa; paini na sayprasi hucheza, na flashi ya bei nafuu hucheza zaidi. Subiri pakauke, toa kilango, sugua milimita 2 zaidi kila upande, kisha zipige kingo za tundu prima na vanishi au rangi ya mafuta, mikono miwili, ikauke katikati. Kingo hizo ndizo mdomo wa mbao, na ndizo mafundi wanazozisahau kuliko kitu kingine chochote kwenye kazi hii.

Kama kifuniko kinarudi lakini kinasita kabla ya kutulia, angalia bawaba zake ndogo. Manyoya na vumbi hujikunja pale. Safisha kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni. Usitie mafuta ya kupikia wala grisi. Hukusanya uchafu maradufu, na paka hatapenda harufu hiyo mgongoni mwake. Sumaku nayo huokota chembe za chuma, hasa karibu na karakana au pale grili ilipochomelewa. Futa kwa tepu ya kunata.

Paka hapiti

Pima kwanza, kabla ya kumfundisha. Chukua futi, pima kutoka sakafuni hadi tumboni mwa paka akiwa amesimama. Kwa paka mkubwa wa kawaida ukingo wa chini wa kipito huwa sentimita 12 hadi 15 kutoka sakafuni. Kilango kikiwa juu ya hapo paka analazimika kuruka, na kikiwa chini sana anatambaa. Halafu nenda nje ukapime tena. Nyumba nyingi zina kizingiti au ngazi, na urefu wa sentimita 13 ndani unaweza kuwa 30 nje. Paka mzee, au mwenye mimba, hatapanda hapo. Mwekee tofali au ubao mpana wa kukanyaga nje. Hakuna haja ya kukata upya.

Vipimo vikiwa sawa, tatizo ni kifuniko. Paka hajui kwamba kitu kinachomgusa kichwa kitamwachia njia. Kiinue kabisa, kifunge kwa tepu imara au uzi ili kisianguke (kikianguka mara moja juu ya mgongo wake umepoteza wiki nzima), na weka chakula upande wa pili siku kadhaa. Akizoea tundu wazi, kishushe nusu. Akizoea hilo, kiache kining'inie, ukiwa umebandika kipande cha karatasi juu ya sumaku ili isishike. Sumaku irudi mwisho. Usimsukume kwa mikono. Paka aliyesukumwa hujifunza kwamba mahali pale hukamatwa, na atakwepa.

Harufu ya plastiki mpya na silikoni mbichi nayo humfukuza. Silikoni ipewe saa 24 kamili. Baadaye futa fremu kwa kitambaa kilicholaliwa na paka.

Akipita kwenda nje na hataki kurudi ndani, chungulia mlango ukiwa kwa nje, kwa kimo cha paka. Kuna taa inayommulika machoni? Mbwa wa jirani anaona pale? Kifuniko kinachoonyesha nyumba nzima yenye giza humtia paka wasiwasi. Taa ndogo ndani karibu na mlango jioni husaidia.

Upepo unakigonga usiku

Funga madirisha yote, subiri dakika chache. Kelele ikikoma, kinachokisukuma kifuniko ni hewa inayopita ndani ya nyumba, si upepo unaokipiga uso kwa uso. Wakati wa Kaskazi, Desemba hadi Machi, au wa Kusi katikati ya mwaka, dirisha lililo wazi upande wa upepo huijaza nyumba hewa, nayo hutafuta pa kutokea. Weka kufuli kwenye nafasi ya kuingia tu: kifuniko hakitafunguka nje, na paka aliye nje bado ataingia.

Kelele isipokoma, sumaku ni dhaifu au haikutani na mwenzake wa kwenye fremu. Vilango vingi vina skrubu ndogo ya kuipandisha na kuishusha. Isogeze hadi kifuniko kinase chenyewe kikiwa milimita chache kabla ya katikati. Usizidishe. Jaribu kwa kidole kimoja: kikihitaji kusukumwa kwa nguvu, paka mdogo hataweza. Ukanda wa brashi kuzunguka kifuniko hutuliza mtikisiko na kupunguza mbu, ila uwe laini, usikikwamishe.

Maji yanaingia

Angalia yanapotokea. Yakitiririka kutoka juu ya fremu ndani, upande wa nje haukuzibwa juu. Yakitoka chini ya fremu, aliyeweka silikoni aliziba pande zote nne, na maji yaliyopenya hayana pa kutokea ila ndani. Silikoni ya nje ipite juu na pembeni mbili, na chini kuachwe wazi. Hilo hushangaza watu, lakini ndivyo inavyotakiwa: maji yote yanayopita yana njia ya kurudi nje. Bomoa ya zamani kwa wembe, futa kwa spiriti, weka mpya mlango ukiwa mkavu kabisa. Mlango unaopigwa na mvua ya upande hautapona kwa silikoni peke yake. Unataka kibaraza kidogo cha bati au mbao juu ya kilango.

Paka shume wanaingia kula

Kilango cha kawaida hakichagui mgeni. Cha sumaku shingoni huchagua kidogo tu, kwa kuwa paka wa jirani mwenye sumaku ya namna hiyo ataingia, na ukosi huo huokota misumari na vijiko njiani. Ukosi wowote uwe wa aina inayofyatuka ukinaswa kwenye tawi. Kinachochagua kweli ni kinachosoma chipu, kile kidude chenye namba ambacho paka huwekewa chini ya ngozi.

Kama kufuli ipo na bado wanaingia, kaa utazame. Paka mwerevu huingiza kucha chini ya kifuniko na kukivuta kwake, hata kikiwa kimewekwa kutoka tu. Meno ya kufuli yaliyolika huachia kwa urahisi, yabadilishe. Na usiache bakuli la chakula mbele ya kilango. Harufu inayotoka pale ni mwaliko.

Nguchiro, kanu na nyoka nao hupita panapopita paka. Kwenye nyumba iliyo karibu na kichaka au shamba, funga kufuli jua linapozama, paka akiwa ndani. Hakuna aina ya kilango inayochukua nafasi ya tabia hiyo.

Kilango cha chipu hakimtambui paka

Fuata mpangilio huu, kwa sababu kila hatua inaondoa chanzo kimoja.

Betri kwanza. Vingi hutumia betri 4 za AA, na betri za bei rahisi za kaboni hufa mapema. Weka alkali mpya, zote kwa pamoja. Za kuchajiwa zina volti 1.2 badala ya 1.5, na baadhi ya vilango huzikataa. Pwani, chumvi ya hewani huota kijani kwenye vibati vya betri. Safisha kwa pamba yenye siki kidogo, futa kwa spiriti, kausha.

Kisha chipu yenyewe. Daktari wa mifugo mwenye kisomaji atakupa namba. Yenye tarakimu 15 ni ya chipu za kawaida za kimataifa, zinazofanya kazi kwa kilohezi 134.2. Zenye tarakimu 9 au 10 ni za aina nyingine, na vilango vingine havizisomi, soma boksi. Chipu pia husogea mwilini. Huwekwa kati ya mabega, lakini inaweza kuteremka begani, na paka anayeingiza kichwa tu halafu akasimama hafikishi chipu kwenye kisomaji. Weka kipande cha samaki ndani kidogo ili ajinyooshe.

Halafu mlango. Chuma na alumini huvuruga mawimbi ya kisomaji. Kabla ya kukata chochote, jaribu: weka betri, kifundishe kilango kumtambua paka wako kikiwa mezani, kisha kishikilie karibu na mlango ujaribu tena. Kikisoma mezani na kukataa mlangoni, tundu la chuma linapaswa kuwa kubwa kuliko kilango, na kati yao kuwe na fremu ya mbao au plastiki; sentimita 5 kila upande ni mwanzo mzuri. Grili iliyo karibu nayo huvuruga, hata mlango ukiwa wa mbao.

Mwisho, kama paka anaingia bila kizuizi lakini anazuiwa kutoka, kifaa kimefungwa kinyume. Kigeuze.

Grili na mwizi

Kifuniko chenye kimo cha sentimita 14 kinahitaji nafasi mbele yake kubembea. Grili ikiwa sentimita 5 kutoka mlangoni, kifuniko hugonga nondo na paka anabaki kichwa nje, mwili ndani. Mwite fundi wa kuchomelea akate nondo moja mbele ya kilango na kuchomelea fremu ya nondo ya milimita 12, yenye uwazi wa sentimita 16 kwa 18, ili kifuniko kipite ndani yake. Paka anapita, mtu hapiti.

Mkono ndio unaopita. Lala nje, ingiza mkono wako hadi begani, uone vidole vinafika wapi. Vikigusa kitasa au komeo la chini, ufunguo usiachwe kamwe mlangoni, na komeo lihamishwe juu. Ndiyo sababu ni vizuri kilango kikae upande wa bawaba, mbali na kitasa. Kumbuka pia kwamba waya mrefu hufika mbali kuliko mkono.

Ukiamua kukiondoa

Usijaze tundu kwa puti. Sawazisha kingo, tengeneza kipande cha mbao ya aina ileile, nyuzi zake zikielekea kama za mlango, kiwe kidogo kuliko tundu kwa milimita moja kila upande. Funga vijiti viwili vya sentimita 2 kwa 2 ndani ya tundu vya kukishikilia, gandisha, kausha usiku mmoja, piga randa na msasa. Kwenye flashi, jaza kwanza vipande vya mbao ndani kama ilivyoelezwa juu, kisha funika nyuso zote mbili kwa plaiwudi ya upana wote wa mlango, kuanzia chini hadi kupita ukingo wa juu wa tundu. Hiyo huonekana kama bati la kuzuia mateke, na mlango unakuwa imara kuliko ulivyotoka dukani.